Wabeba Boksi Tunaotishwa na Giaboksi

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Baridi, zamu za usiku, na Jumamosi mbili nilizozimaliza chini ya gari la mtu. Leo nimerudi na nimekuja kugombana. Nagombana na gereji za hapa Marekani zinazomwambia mgeni kwamba gari lake limekufa wakati halijafa. Halafu nagombana na sisi wenyewe, ndugu zangu wa ughaibuni, tunaoitikia "sawa, sawa" kisha tunakwenda moja kwa moja kusaini mkopo.

Gari lenyewe ni Toyota pikapu ya mwaka 1993, fowili, yaani ile inayovuta kwa magurudumu yote manne. Nyumbani tungeiita Hilux bila kufikiri mara mbili. Hapa Toyota waliliacha jina la Hilux tangu miaka ya 1970 wakawa wanaiita pikapu tu, basi, mpaka mwaka 1995 ilipoingia Tacoma. Injini ni 22R-E, silinda nne, lita 2.4. Giaboksi ni ya manyuo, gia tano mbele, ambayo Toyota wenyewe wanaiita W56.

Mwenye gari ni jamaa wa Pwani. Namwita kaka kwa sababu amenizidi umri, yeye ananiita bwana mdogo, ingawa tulikutana hapahapa Minnesota. Wakati wa theluji anafunga jembe mbele ya pikapu na kuanzia saa kumi alfajiri anasafisha njia za kuingilia nyumba za watu. Kiangazi anabeba matawi, majani, na masofa ya watu wanaohama. Pikapu hiyo ndiyo inayolipa pango, na ndiyo inayotuma hela kwa mama yake kila mwezi. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba tunazungumzia mchezo wa vijana wapenda magari.

Ilianza kulia mwezi wa kumi na moja. Umesimama kwenye taa, injini inazunguka, gia iko nyutro, mguu haupo kwenye klachi: unasikia sauti kama kokoto ndani ya debe. Ukikanyaga klachi, kimya. Ukiachia, kokoto zinarudi. Mtu yeyote aliyekulia karibu na gereji anajua dalili hii inasema nini. Ukikanyaga klachi unaitenga injini na giaboksi, shafti ya mbele inaacha kuzunguka, na beringi zake zinapumzika. Kwa hiyo kinacholia kiko ndani ya giaboksi. Ingekuwa kinyume chake, kimya ukiachia na kelele ukikanyaga, ningeshuku rilisi beringi, ile inayosukuma presha pleti, na hiyo ni spea ya bei ndogo.

Basi kaka akaipeleka kwenye gereji moja kubwa ya barabarani, yenye sehemu ya kungojea, kahawa ya bure na televisheni. Wakaiendesha kuzunguka mtaa, wakarudi, wakatoa hukumu. Giaboksi imekwisha. Kazi nzima dola 3,800. Spea za gari la zamani namna hii ni shida kupatikana. Na kwa vyovyote, wakasema, gari lenyewe halina thamani ya pesa hizo, kwa hiyo ni afadhali aliache. Halafu, kwa huruma kabisa, wakajitolea kumwondolea mzigo huo kwa dola 600.

Someni tena hapo. Gari limekufa, halina thamani, spea hazipo, lakini tutalinunua.

Hawakufungua hata nati ya kumwagia oili. Najua kwa sababu sisi ndio tulioifungua, na kutu iliyokuwa juu yake ilikuwa haijaguswa na spana ya mtu kwa miaka. Oili iliyotoka ilikuwa kidogo, ya kijivu, inameremeta kama rangi ya kucha. Kumeremeta huko ni chuma. Kaka akashangaa: mbona hakuwahi kuona hata tone moja sakafuni pale anapoegesha? Tukafungua transfa, lile boksi dogo la nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, nayo ikatapika oili kupita kipimo chake. Sili iliyo kati ya giaboksi na transfa ilikuwa imechoka, na oili ilikuwa inahama chumba, polepole, mwaka hata mwaka. Giaboksi ikafa kiu huku jirani yake akizama. Sili hiyo ni duara la mpira na bati ambalo bei yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha watu wawili.

Sasa tuje kwenye ile hesabu, maana hapo ndipo watu wetu wanapoliwa. "Matengenezo yanazidi thamani ya gari." Nimeisikia kauli hii kwa watu wa gereji, kwa watu wa bima, na siku hizi naisikia kwenye shughuli zetu wenyewe ikisemwa kwa uhakika kama aya. Ni hesabu ya mtu anayeuza magari. Ukiwa unauza, kweli, linganisha matengenezo na bei ya sokoni. Lakini kaka hauzi. Yeye anatakiwa kulinganisha matengenezo na gharama ya kupata gari jingine litakalofanya kazi ileile kuanzia Jumatatu. Hizo ni hesabu mbili tofauti, na aliyekaa nyuma ya kaunta anakupa ile inayomfaa yeye.

Tuipige hiyo ya pili. Kaka alishapelekwa na rafiki kwenye yadi ya magari wakampa karatasi. Pikapu iliyotumika, dola 18,000, riba asilimia 14, miezi 72. Nilikaa na kikokotoo: malipo ni kama dola 371 kwa mwezi, na mpaka amalize atakuwa ametoa karibu dola 26,700. Ongeza bima, kwa sababu mwenye mkopo hatakuruhusu ukate bima ndogo kama uliyozoea na gari lako la zamani. Atataka kubwa, ya kulinda mali yake yeye. Na mkumbuke hiyo ni iliyotumika. Magari mapya msiyaguse: Septemba 2025 wastani wa bei ya gari jipya hapa Marekani ulivuka dola 50,000 kwa mara ya kwanza.

Upande wa pili wa karatasi niliandika hivi. Giaboksi iliyotumika pamoja na transfa yake, kutoka pikapu iliyopinduka huko South Dakota: dola 700. Seti ya klachi: 160. Kuchonga uso wa flaiwili: 60. Sili: 40. Oili: 70. Jumla 1,030. Haifiki miezi mitatu ya ule mkopo.

Kuna jambo jingine linaloifanya pikapu hii isiwe na mbadala rahisi. Tangu mwaka 1964 Marekani inatoza ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu zinazotoka nje. Ushuru huo ulizaliwa na ugomvi wa kuku, sitanii: Ulaya ilibana kuku wa Kimarekani, Marekani ikajibu kwa kubana, pamoja na vitu vingine, magari madogo ya mizigo. Kuku walishasahaulika, ushuru upo. Ni mojawapo ya sababu huoni Hilux mpya ikiuzwa hapa, na ukisema unataka pikapu unaonyeshwa lidude refu kama daladala ambalo haliingii kwenye vichochoro vya wateja wa kaka. Ndiyo maana hizi za zamani zikiwa na chesisi nzima zinagombaniwa. Watu wanazifuata jimbo hadi jimbo. Wenye gereji wanalijua hilo vizuri sana. Ndiyo hiyo dola 600.

Nisionekane mtu wa kuonea. Dola 3,800 yenyewe sisemi ni wizi. Giaboksi ya fowili ni kazi nzito, gereji ina pango, ina umeme, ina bima, na vijana wengi wanaofanya kazi humo hawajawahi hata kuendesha manyuo, achilia mbali kuishusha. Wangemwambia "kazi hii hatuiwezi kwa bei unayoweza kulipa," ningewavulia kofia. Ugomvi wangu ni ule uongo wa maiti. Daktari anayekwambia mgonjwa amekufa, halafu anaomba umuuzie viatu vya marehemu, huyo si daktari.

Na nyie wenzangu. Hapa Marekani nyumbani wanatuita wabeba boksi, na wengi wetu tumelikubali jina kwa kucheka. Tunabeba boksi, tunaosha wazee, tunapakua malori usiku kucha. Lakini mtu huyohuyo anayeinua mizigo mizito saa nane za zamu, mwambie ashike spana namba 17 alale chini ya gari lake mwenyewe, anaona amedhalilishwa. Amekuja Ulaya ndogo kuchafuka oili? Nimesikia kwa masikio yangu, kwenye harusi, mtu akisema kaka anatuaibisha na lile kopo lake pale nje, Wazungu watasemaje. Wazungu! Mzungu wa jirani yangu alisimama nusu saa kuisifia ile pikapu na akatuletea taa ya kumulikia. Aliyesema vile alikuja na gari linalong'aa ambalo ni la benki mpaka mwaka 2031.

Nyumbani, nenda Gerezani pale Dar es Salaam, utaona giaboksi ikishushwa kando ya barabara kwa kamba, gogo na vijana watatu, na jioni gari limeondoka. Sisemi mafundi wetu ni malaika. Wapo watakaokurudishia gari na bolti mbili zimebaki mfukoni, na wapo wanaojaza giaboksi oili chafu ya injini. Lakini swali la kwanza la fundi wa kule ni "nini kimeharibika?", na hilo ndilo swali ambalo gereji ya kahawa ya bure haikuuliza. Tumevuka bahari tukaliacha swali hilo uwanja wa ndege.

Tulifanyaje? Nitasema kwa kifupi kwa anayetaka kujaribu, na pale pasipo na mzaha nitasema hapana mzaha. Gari liliwekwa juu ya stendi nne za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake, na hili usinibishie. Bolti zote tulizinyunyizia dawa ya kutu tangu usiku wa kuamkia, kwa sababu barabara za hapa humwagiwa chumvi kila kipupwe na chumvi haina rafiki. Tukakata betri. Mikono yote miwili, wa gia na wa transfa, inatolewa kutokea ndani ya kebini, si chini. Propela mbili tulizitia alama kwa rangi nyeupe kabla ya kuzifungua, ili zirudi zilivyokuwa. Stata, waya wa taa za nyuma, waya wa spidi, vishikio vya ekzosi. Ile silinda ya chini ya klachi haina haja ya kukatwa mpira wake. Ifungue, ining'inize pembeni, utajiokolea saa nzima ya kutoa hewa.

Bolti zinazotukanisha watu ni zile za juu zinazounga giaboksi na injini. Huzifikii kutoka juu wala kutoka ubavuni. Unaunga ekstensheni ndefu, unazipitisha juu ya giaboksi kutokea nyuma kabisa, na mwenzako anakushikia tochi. Kisha injini inaegemezwa kwa jeki yake, kile chuma cha katikati kinachobeba giaboksi kinaondolewa, na giaboksi inavutwa nyuma ikiwa imenyooka. Giaboksi na transfa pamoja ni mzigo wa jeki na watu wawili wenye akili. Mmoja peke yake na kifua chake, hapana.

Wakati shimo liko wazi, badilisha kila kilicho rahisi kubadilika: klachi pleti, presha pleti, rilisi beringi, ile beringi ndogo iliyo katikati ya mwisho wa krenki, na sili ya nyuma ya krenki. Ubahili hapa ni wa kijinga, maana kuzifikia tena ni kushusha kila kitu upya. Na wakati wa kurudisha, klachi pleti ikae katikati sawasawa kwa kile kijiti cha plastiki kinachokuja na seti, na usiuache uzito wa giaboksi uning'inie kwenye ile shafti kabla bolti hazijakaza. Ukifanya hivyo unaipinda klachi pleti mpya kabla haijatembea hata hatua moja.

Ila kazi yenyewe ilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa kununua giaboksi sahihi, na hapa ndipo maneno ya "spea hazipo" yanapopata watu wa kuyaamini. Toyota pikapu za miaka ile hazifanani chini. Zile za injini ya V6, lita 3.0, zina giaboksi nyingine kabisa, R150F, na transfa ya mnyororo. Ya kaka ni transfa ya meno matupu. Haziingiliani hivihivi. Hata ndani ya W56 kuna tofauti za miaka. Kwa hiyo tulimwomba muuzaji picha ya namba, picha ya meno ya shafti ya mbele na ya kule nyuma, tukayahesabu moja moja kabla ya kutoa dola. Tulipofika tulizungusha shafti kwa mkono, tukaisukuma na kuivuta kuona kama inacheza, tukaingiza kidole kwenye tundu la oili. Oili ilikuwa ya rangi ya asali. Gia zote tano ziliingia, rivasi iliingia, na fowili ya nguvu ndogo iliingia.

Kitabu cha Toyota kinataka oili ya gia 75W-90, nasi tukaweka hiyo. Asubuhi ya nyuzi 25 chini ya sifuri mkono wa gia unakuwa kama mwiko kwenye ugali uliopoa, hilo mzoee. Dakika chache unalainika.

Kuna wakati nitakuwa upande wa gereji. Kama chesisi imeliwa na kutu, acha. Usiweke giaboksi nzuri kwenye mifupa iliyooza. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, hasa pale springi za nyuma zinapofungwa. Sauti iwe ya kengele. Ukisikia sauti ya boksi la karatasi, au nyundo ikaingia, chukua zile dola 600 na ushukuru. Ya kaka tuliigonga kabla ya kununua chochote, na iko salama kwa sababu kila mwaka huipaka oili chini kabla ya theluji. Mtu wa Pwani anaijua chumvi.

Na kama huna mahali pa kufanyia, au mgongo wako haukubali, peleka kwa fundi wa kujitegemea. Wapo, tena wengi ni wahamiaji kama sisi. Uliza maswali matatu tu: nini hasa kimeharibika, umejuaje, na naomba nikione. Sheria ya Minnesota inakupa haki ya kudai makadirio kwa maandishi kabla kazi haijaanza. Daini. Mnatetemeka mbele ya kaunta kama mko mbele ya afisa wa viza, wakati pale ninyi ndio wenye fedha.

Nimepokea pia ushauri wa ndugu mmoja, msomi, kwamba tungetumia nafasi hii kuibadilisha iwe otomatiki, kwani manyuo ni ushamba. Ndugu yangu, hiyo ni kuongeza giaboksi nyingine, propela za urefu mwingine, mabomba ya kupozea oili, pedali nyingine, na waya nisizotaka hata kuzifikiria, ili mwisho wake kaka akisukuma theluji asiwe na uwezo wa kuchagua gia yake mwenyewe. Hapa manyuo ni kinga ya wizi: nusu ya vijana wa mtaa wangu wakiiba gari hilo watalikuta limewazimikia palepale langoni.

Ile giaboksi ya zamani hatukuiuza chuma chakavu. Iko kwenye banda langu, juu ya tairi bovu. Beringi zake tumeshaagiza California, kwenye duka linaloshughulika na giaboksi za Toyota tu. Zimepatikana zote.